Kuimarisha springi na ekseli nyumbani: yanayowezekana chini ya mwembe, na yasiyofaa kujaribiwa

Barabara ya Garsen hadi Lamu ina lami siku hizi, na safari iliyokuwa ikila siku nzima imefupika. Lakini shuka lami hatua chache tu, uelekee Kipini au Ozi, au upande Marafa, Ganze na Bamba, au uvuke Kinango kwenda mpakani, utaikuta njia ni ile ile ya wazee wetu: mchanga wa kuzamisha tairi, udongo mweusi unaonata kama ulimbo mvua ikinyesha, na matumbawe yenye ncha kama meno ya papa. Huko magari yanayofika ni machache. Pikapu za Land Cruiser, Land Rover za zamani, Hilux, na Suzuki ndogo za watu wenye moyo. Hizo ndizo ambulensi, ndizo malori ya maembe na samaki, ndizo basi la harusi na la maziko.

Kwa hivyo gari la namna hiyo likikatika springi si hasara ya mwenye gari peke yake. Ni mama mjamzito aliyekwama njiani, ni samaki walioharibika kabla ya kufika mnadani.

Kila wiki kuna kijana anayenijia akiniambia, “Ami, nataka kuinua gari.” Namuuliza, unataka kuliinua ili upate nini? Wengi hunyamaza. Wameona picha za magari marefu, wameona tairi kubwa, basi roho imependa. Mimi nina pikapu ya Land Cruiser HZJ75, muundo uliotoka miaka ya 1990, na kazi zake nyingi za chini ya gari huzifanya mwenyewe uani pamoja na fundi wa mtaani. Nimeona niandike ninayoyajua, ili anayetaka kuimarisha chombo chake ajue anachokigusa.

Kwanza tujue kila kitu na kazi yake

Ekseli ni lile bomba nene la chuma linalolala baina ya magurudumu mawili, likiwa na tumbo lake la mviringo lenye gia, yaani difu. Ndani ya bomba mna shafti mbili zinazozungusha magurudumu. Juu ya ekseli, uzito wa gari umebebwa na springi.

Springi ni za aina mbili. Kuna zile za vyuma bapa vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo mafundi huviita lifu. Na kuna zile za kujiviringa, koili. HZJ75 ina lifu mbele na nyuma. Iliyoirithi mwaka 1999, HZJ79, ina koili mbele na lifu nyuma. Land Rover nazo zilikuwa za lifu hadi ilipotoka One Ten mwaka 1983, ikaja na koili pande zote.

Tofauti hii ina maana kubwa. Lifu hufanya kazi mbili: hubeba uzito, na pia huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala ubavuni. Koili hubeba uzito tu. Ekseli yenye koili hushikwa na mikono ya chuma, na ubavuni hushikwa na fito moja iliyolala kutoka chesisi hadi kwenye ekseli. Ukiinua gari la koili, mikono hiyo na fito hiyo zote hubadilisha pembe, na mambo mengine hufuata. Nitayarudia.

Halafu kuna shokomzoba, au shoki kama tunavyozifupisha. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Shoki haibebi uzito. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Ndani mna mafuta yanayosukumwa kupitia matundu madogo, na ule mrusho wa gari hugeuka joto. Ndiyo maana shoki ikitoka njia ya mawe huwa ya moto hata haishikiki. Gari lako likiinama nyuma ukipakia, shoki mpya hazitaliinua. Na likirukaruka kama ngalawa kwenye mawimbi ya kusi, springi mpya peke yake hazitalituliza.

Pima kabla ya kununua

Mswahili haendi sokoni bila kujua anachokosa jikoni. Chukua futi ya utepe. Simamisha gari pahali tambarare, likiwa tupu, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Fanya hivyo magurudumu yote manne, uandike. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, upime tena. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwenzake, kuna lifu iliyovunjika au iliyochoka.

Ingia chini na tochi. Angalia kila lifu kwa mstari wa ufa, hasa karibu na katikati inapofungwa kwenye ekseli. Angalia kama springi imelala bapa au imepinda kinyume. Angalia bushi za mpira kwenye macho ya springi kama zimeliwa, na shakili, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyoiacha springi irefuke inapobonyea. Shoki yenye mafuta yanayotiririka mwilini imekufa.

Kisha uzito. Tusikisie, tufanye hesabu. Pipa la lita 200 la maji ni kilo 200 mbali na pipa lenyewe. Mfuko wa simiti ni kilo 50, kwa hivyo mifuko 20 ni tani nzima. Watu kumi wa kilo 65 ni kilo 650. Tangi la ziada la dizeli la lita 90 likijaa ni kilo 75 hivi. Watu kumi na mapipa mawili ya maji, umeshavuka tani moja. Ukiweza, pitisha gari kwenye mizani mara mbili, likiwa tupu na likiwa limepakiwa, na upime ekseli ya mbele na ya nyuma mbalimbali. Utashangaa.

Chagua springi kwa uzito usioshuka

Wauzaji wa springi huzipanga kwa uzito wa ziada zinaoubeba: za gari tupu, za kilo mia kadhaa, na za mzigo mzito. Kosa la kawaida ni kununua zile ngumu kabisa kwa ajili ya siku moja ya mwezi unapobeba simiti. Siku nyingine 29 gari litakuwa linaruka kama punda aliyetoroka, tairi haitulii ardhini, na breki hazishiki mahali tairi haigusi. Kanuni yangu ni hii: nunua springi kwa uzito ulio garini kila siku, si kwa ule wa siku ya sikukuu.

Kuna wanaoongeza lifu moja au mbili kwenye springi ya zamani. Inawezekana, lakini ujue hesabu yake. Ukiongeza lifu za unene ule ule, ugumu hupanda kwa kadiri ya idadi. Lakini unene ni jambo jengine kabisa. Ugumu wa lifu hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Lifu ya milimita 10 mahali pa ile ya milimita 8 haiongezi robo tu ya ugumu. Inakaribia kuuongeza maradufu. Ndiyo maana kipande kilichokatwa kwenye springi ya lori kikitiwa katika pikapu, gari huwa kama mkokoteni. Tena lifu ngumu moja iliyochanganywa na laini hubeba uzito isiyostahili, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Jambo jengine la kusisitiza: springi ngumu haiongezi uwezo halali wa gari. Chesisi ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile, tairi ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba gari haliinami tena, kwa hivyo halionyeshi kwamba limeelemewa. Limenyamazishwa tu. Uzito wa mwisho umeandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji, na kibati hicho hakisomi springi ulizonunua.

Kuinua gari si kuinua difu

Hapa vijana hunikasirikia, lakini ukweli ni ukweli. Ukitia springi ndefu zaidi kwa milimita 50, kinachopanda ni bodi na chesisi. Ekseli inabaki pale pale, na tumbo la difu, ambalo ndilo linalogonga jiwe kwanza, halijapanda hata unywele. Difu hupandishwa na tairi peke yake, nayo hupanda kwa nusu ya ongezeko.

Chukua mfano. Tairi ya 235/85R16 ina kipenyo cha milimita 806 hivi. Ukiweka 285/75R16 unapata 834 hivi. Tofauti ni milimita 28, na difu inapanda 14, unene wa kidole. Kwa bei ya tairi tano! Na kipima mwendo sasa kinakudanganya: kikisoma kilomita 80 kwa saa, wewe unakwenda karibu 83. Gia zimekuwa ndefu, injini inasukuma kwa tabu zaidi kwenye mchanga, na shafti za ekseli zinabeba mzigo mkubwa wa kuzungusha gurudumu kubwa.

Manufaa ya kuinua yapo. Tairi inapata nafasi ya kucheza bila kukwaruza bodi, na tumbo la gari halikai juu ya kitutu cha mchanga baina ya nyayo mbili. Kwa njia zetu, milimita 40 hadi 50 zinatosha. Zaidi ya hapo unaanza kulipa deni. Propela shafti hukaa kwa pembe kali, misalaba yake ikaisha haraka. Gari la koili, ile fito ya ubavuni huivuta ekseli upande mmoja, na mikono huzungusha ekseli ya mbele kiasi kwamba usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari hutangatanga barabarani. Zipo bushi maalumu za kurekebisha pembe hiyo, na ni lazima zinunuliwe pamoja na springi, si baadaye “Mungu akijaalia.”

Juu ya yote, uzito umepanda. Nahodha hutia farumi chini ngamani ili chombo kisipinduke. Hakuna aliyewahi kutia farumi juu ya mlingoti. Pikapu iliyoinuliwa inchi nne, yenye watu kumi na wawili waliokaa juu ya magunia, ni chombo kilichotiwa farumi mlingotini. Mbuzi mmoja akikatiza barabara, usukani ukikatwa ghafla, yaliyobaki tunayajua.

Kubadilisha lifu za nyuma uani

Kazi hii mtu mwenye subira na mwenziwe mmoja anaiweza kwa siku moja au mbili. Siku tatu kabla, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila bolti, asubuhi na jioni. Chumvi ya pwani haimwachi mtu, na pini ya springi iliyooza ndani ya bushi yake ndiyo itakayokula muda wako wote. Ikikataa kabisa itabidi ikatwe, na hapo kumbuka tangi la mafuta liko jirani. Cheche na mvuke wa mafuta havikai nyumba moja.

Mahali pa kufanyia kazi pawe pagumu na tambarare. Uani kwenye mchanga, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Ziba magurudumu ya mbele kwa magogo au mawe, mbele na nyuma ya kila moja. Usitegemee breki ya mkono: gari nyingi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma, ambayo sasa yako hewani. Katika Land Rover Defender hushika propela shafti, na gurudumu moja la nyuma likiwa juu, difu huliacha lizunguke na gari linaondoka.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Ile jeki ndefu ya kupandisha kwa mkono ni nzuri kwa kumtoa mtu matopeni, lakini usiingize hata mkono chini ya gari iliyolibeba. Weka stendi madhubuti chini ya chesisi, litikise gari kwa nguvu, na likitulia ndipo uingie. Matofali ya simiti hayafai. Hupasuka bila kutoa salamu.

Fanya upande mmoja kwa wakati. Lifu ndizo zinazoshika ekseli, na ukizifungua zote mbili itakutoroka. Utaratibu ni huu:

1. Weka jeki ya pili chini ya ekseli ili uiongoze juu na chini. Toa gurudumu, kisha fungua shoki upande wa chini.

2. Fungua zile bolti za umbo la U zinazoikumbatia ekseli. Shusha au pandisha jeki hadi springi ilegee, kisha fungua shakili, na mwisho pini ya upande wa pili.

3. Linganisha springi mpya na ya zamani sakafuni. Mara nyingi bolti ya katikati haiko katikati hasa. Upande mmoja ni mrefu. Ukigeuza, ekseli itakaa mbele au nyuma ya mahali pake.

4. Ingiza pini kwanza, kisha shakili, ukiziacha nati zimefungwa kwa mkono tu. Rudisha ekseli taratibu hadi kichwa cha bolti ya katikati kiingie kwenye tundu lake. Kisipoingia sawasawa, usikaze kitu.

5. Tumia bolti za U mpya na nati mpya. Za zamani zimeshavutika, na hazitashika kama mwanzo. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa spana ya kupimia nguvu.

6. Rudisha gurudumu, shusha gari chini, litikise likae. Sasa ndipo ukaze pini na shakili. Bushi za mpira zikikazwa gari likiwa hewani, hubaki zimesokotwa kila siku ya maisha yao, na hukatika mapema.

Baada ya kilomita 100 kaza tena bolti za U, na baada ya 500 hivi zirudie. Lifu mpya hukaa, hubanana, na zile bolti hulegea. Jirani yangu alirudisha zile za zamani ili aokoe fedha kidogo. Kabla ya mwezi kuisha zililegea, bolti ya katikati ikakatwa kama bua la mtama, na ekseli ikarudi nyuma upande mmoja gari likiwa kwenye mwendo. Alhamdulillahi ilikuwa kwenye mchanga.

Breki ndizo zinazosahauliwa

Kabla hujawasha gari, mambo matatu. La kwanza, paipu ya mpira ya breki inayotoka chesisi hadi ekseli. Inua gari kwa chesisi hadi ekseli ining’inie kabisa, kisha tazama. Paipu ikikaza kama kamba ya nanga, ni fupi, nunua ndefu. Mbele, geuza na usukani kulia na kushoto hadi mwisho.

La pili, pikapu nyingi za Kijapani zina kifaa kidogo juu ya ekseli ya nyuma, chenye kijiti kinachopanda na kushuka na gari. Hicho hupima mzigo. Gari likiinama kinajua limepakiwa, kinayapa magurudumu ya nyuma breki zaidi. Likinyanyuka, kinapunguza ili yasikwame na kuteleza. Sasa wewe umetia springi ndefu na ngumu. Umepakia tani moja, gari halijainama, na kifaa kinasema: hili ni tupu. Magurudumu ya nyuma hayapati breki zinazostahili, nawe unashuka mlima wa Mazeras. Kijiti hicho kina mahali pa kurekebishwa au kurefushwa, na kitabu cha gari kinaonyesha. Mafundi wengi hawakigusi. Usiondoke gereji kabla hujauliza.

La tatu, shoki ziwe za urefu unaolingana na springi mpya. Fupi zitakuwa ndizo zinazoizuia ekseli kushuka, na zitang’oka. Ndefu mno zitagonga mwisho springi ikibonyea.

Ekseli: nguvu huanza na usafi

Watu wakisikia kuimarisha ekseli hufikiria shafti za chuma maalumu na vifaa vya kufunga difu. Vipo, na wenye mashindano wanavihitaji. Sisi wengine, ekseli zetu zinauawa na maji na kupuuzwa.

Ekseli ikitembea hupata joto, na hewa iliyo ndani hutanuka. Ukiingia kijito au maji ya kupwa na kujaa, ekseli inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na inavuta. Ina tundu la kupumulia juu yake lenye kifuniko kidogo. Kikiziba kwa matope, ekseli itavuta kupitia sili, na kinachoingia ni maji. Dawa yake ni rahisi kuliko zote: ondoa kifuniko hicho, unganisha paipu ya mpira, uipandishe hadi ndani ya boneti au nyuma ya taa. Ni kazi ya saa moja, na ndiyo ninayoishauri kwanza kwa kila mwenye gari la kupita majini.

Ukitaka kujua kama maji yameshaingia, fungua bolti ya chini ya difu kidogo. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, badilisha yote. Na kabla ya kumwaga, fungua kwanza bolti ya juu ya kutilia. Ukimwaga kisha ukakuta ya juu imeganda, umebaki na difu kavu.

Mbele, kwenye Land Cruiser za zamani, mna tufe kubwa la chuma nyuma ya kila gurudumu ambamo mna kiungo cha kugeuzia. Ukiona uji mweusi unatiririka hapo, sili ya ndani imekwisha, na mafuta ya difu yamechanganyika na grisi. Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni beringi za gurudumu au zile za kugeuzia. Kazi hii uani inawezekana, lakini inataka soketi kubwa ya milimita 54, sili mpya zote, grisi ya kiungo, na usafi wa jikoni. Punje moja ya mchanga kwenye beringi ni sawa na punje moja kwenye jicho. Beringi za kugeuzia hukazwa kwa kipimo, tena mara nyingi kwa vijisahani vyembamba. Kama hujawahi, kaa na anayejua mara ya kwanza.

Jua pia ekseli yako ya nyuma ni ya namna gani. Pikapu nyingi za Land Cruiser zina ekseli ambayo uzito wa gari umebebwa na bomba, na shafti inazungusha tu. Shafti ikikatika, gurudumu linabaki. Kwenye Hilux, shafti huzungusha na kubeba pia, na ikikatika nje ya beringi, gurudumu linaweza kuondoka nayo. Kwa hivyo mwenye Hilux anayepakia kama mwenye Land Cruiser anacheza mchezo mwengine kabisa.

Yasiyofanywa uani, wala popote

Usichomelee lifu iliyovunjika. Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea huiharibu, na itavunjika pembeni ya pale pale. Usichomelee bomba la ekseli bila mwenye vifaa vya kulinyoosha, maana hupinda kidogo tu na kula beringi. Usitie vipande vya chuma au mbao baina ya springi na ekseli ya mbele ili uinue gari. Usirefushe shakili kupita kiasi: ukiongeza milimita 50 unapata 25 tu, na ekseli inageuka pembe yake.

Na usiwafiche watu wa bima. Gari lililobadilishwa bila wao kujua linawapa sababu ya kukugeuzia mgongo siku unayowahitaji. Mabadiliko makubwa yapelekwe kwa ukaguzi wa NTSA, ili siku ya ajali kusiwe na maswali mengine.

Mpangilio ninaoshauri

Anayeanza na fedha kidogo aanze hivi: paipu ya kupumulia ekseli, mafuta na sili, bushi na bolti za U, shoki nzuri, kisha springi za uzito wake halisi. Tairi kubwa ziwe mwisho, zikibaki fedha. Aliyefuata mpangilio huu hatakuwa na gari la kupigwa picha. Atakuwa na gari linalofika Kipini na kurudi.

Siku ya kwanza baada ya kazi, usipakie abiria. Zunguka peke yako kilomita 20 hivi, njia nzuri na mbovu, piga breki mahali patupu, simama, ingia chini na tochi. Shika kila nati. Ukiridhika, pakia mzigo, sio watu, urudie. Wanaopanda nyuma ya pikapu zetu hawajui bolti ya U ni nini wala hawana haja ya kujua. Wamekuamini wewe.